Kimya cha Gerezani

Kariakoo, Dar es Salaam
21 Novemba 2023

Talha,

Kaseti ya mama yangu ilitoka mkononi mwangu Jumapili, tarehe 17 Septemba mwaka huu, baada ya adhuhuri, ikaingia kwenye begi lako la mgongoni, na mpaka leo haijarudi. Naanza na hilo kabla ya salamu ili usije ukasema limefunikwa na salamu. Sasa salamu.

Assalaam aleykum. Huku hatujambo kiasi. Baba yako ni yule yule: mkono wa kulia unanyanyuka mpaka kifuani, na maneno bado yanamtoka kama maji ya bomba la mtaa huu, leo tone, kesho hakuna. Mvua imetushika. Juzi Jangwani palifungwa, mabasi ya mwendokasi hayapiti, nikafika dukani viatu mkononi, mwanamke wa umri wangu. Bakili wa duka la jirani anakusalimu. Nilipomwambia unasoma shahada ya uzamili ya insia za kidijitali, yeye akasikia usia. Akauliza, "Nani kafariki, dada Zeina? Kuna mirathi?" Nikamwambia marehemu ni wa zamani, ila mrithi ndiye aliyeondoka na mali.

Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Kaseti hiyo unaijua, lakini nalieleza jambo upya ili liwe kwenye maandishi. Mwaka 1986 bibi yako, Bi Huda, alikaa ukumbini kwenye nyumba yetu ya Gerezani akamrekodia mdogo wake Rasha, aliyekuwa amehamia Maskati. Kuandika hakujua, na barua ya kuandikiwa na mtu aliiona kama kuoga mlango wazi. Kwa hiyo alizungumza na redio kana kwamba mdogo wake yuko pale mkekani. Anauliza, "Umeamkaje, Rasha?" Ananyamaza. Anampa mwenzake nafasi ya kujibu. Halafu anaitikia, "Alhamdulillahi," kama aliyesikia. Mama alipofariki, mama mdogo Rasha akaturudishia kaseti na maneno mafupi: sauti ya mama yenu ni yenu.

Tangu hapo kila Idi, tukishakula, mimi na baba yako tunaiweka kwenye redio. Mama akiuliza, tunajibu sisi. Na tangu baba yako apate kiharusi, hapo ndipo mahali pekee anapoimaliza sentensi. Mama anamsubiri. Sisi wengine tuna haraka.

Ulisema, "Wiki mbili tu shangazi, naiingiza kwenye kompyuta, halafu naikabidhi kwa mtu anayekuja Dar." Watu wamekuja Dar. Mmoja kaniletea chokoleti zako. Chokoleti zilipata nafasi kwenye begi la mtu, kaseti isipate?

Nakuandikia kwa barua pepe kwa sababu kule WhatsApp naona tiki mbili za bluu, kisha unajifanya umelala.

Shangazi yako,
Zeina


Ujerumani
10 Desemba 2023

Shikamoo shangazi,

Natumai barua hii inakukuta salama na dukani kuna pilikapilika za mwisho wa mwaka. Mimi mzima. Huku saa kumi jioni giza limeshaingia, na baridi ni ya kuvaa soksi mbili mbili. Nimejifunza kupika pilau kwenye jiko la umeme. Haiwi kama yenu ila inalika. Nisalimie baba sana. Mwambie mazoezi ya vidole asiache. Na Bakili mwambie mirathi haipo.

Samahani kwa kuchelewa, shangazi. Muhula huu umenibana. Umeuliza ninachosoma, au labda Bakili ndiye aliyeuliza. Ni hivi: wapo wanaosoma kitabu kimoja kwa mwaka mzima. Sisi tunaichukua kompyuta, tunaipa vitabu elfu, barua, magazeti, kanda za sauti, halafu tunaiuliza inaona nini ambacho jicho la mtu mmoja lingekikosa. Mimi nimechagua kaseti walizotumiana watu wa pwani na ndugu zao wa Uarabuni. Majumbani zimejaa. Zinaota ukungu, watoto wanazichomoa mkanda wakachezea. Hakuna aliyeziandika popote. Ninaifundisha programu isikie Kiswahili cha kina bibi, kwa sababu zilizopo zinasikia Kiswahili cha taarifa ya habari tu.

Na nikuambie jambo bila kukukosea adabu. Mkanda wa kaseti ni kama kanga: kila ukiufua, rangi inatoka. Kila Idi mnapoicheza, mnaipunguza sauti ya bibi. Mmeisikiliza miaka mingi kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayo yanaimaliza. Ndiyo maana niliichukua.

Kaseti iko salama. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Talha


Kariakoo
13 Desemba 2023

Talha,

Marahaba. Baba yako kakusikia. Nilipomsomea habari ya pilau alitikisa bega, ndiyo kicheko chake siku hizi. Tumeuza vizuri wiki hii. Nguo za harusi zinatoka kuliko za shule, maana yake watu wanaoa kabla hawajalipa ada. Miguu yangu inavimba. Basi.

Uliyosema kuhusu kanga na rangi ni kweli, na imeniuma. Nimeiacha pale ilipo, siibishii.

Lakini nilikuuliza kaseti iko wapi, ukanijibu iko salama. "Salama" si mtaa. Mimi nilianza biashara kwa kutandika kitambaa chini pembeni ya Msimbazi, nikikimbizwa na mgambo, na nilichojifunza ni kwamba muuzaji asiyetaka ushike jora lake huwa analisifia sana rangi. Iko kwako chumbani? Iko chuoni? Iko kwa profesa wako? Umeiuza?

Swali la pili. Nani mwingine amemsikia mama? Unajua bibi yako alivyokuwa. Hata kuitikia hodi ya mwanamume wa nje alijitanda kwanza. Yale maneno aliyasema kwa mdogo wake wa tumbo moja.

La tatu. Bakili kanionyesha kwenye simu yake mtu maarufu anauza dawa ya magoti. Sauti yake, mdomo wake, na Bakili anasema mtu mwenyewe hana habari, imetengenezwa na kompyuta. Huko darasani kwenu ndiko zinakotengenezwa hizo? Nijibu. Sitaki nije nimsikie mama yangu anauza dawa ya magoti.

Zeina


Ujerumani
19 Januari 2024

Shikamoo shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Nasikia mgao wa umeme umepamba moto Bongo. Poleni. Huku theluji imeanguka. Mara ya kwanza nilitoka nje nikapiga picha kama mtalii, mara ya pili nikaanguka chini kama mzigo wa Gerezani. Baba anaendeleaje? Kila nikipiga simu anasikiliza tu, nami nabaki kuongea peke yangu mpaka naishiwa.

Sauti iko salama, shangazi, na ushahidi ndio huu: nimeambatanisha faili. Ifungue kwenye simu. Utashangaa. Mvumo wote wa mkanda nimeuondoa, bibi anasikika kama yuko chumbani. Mimi mwenyewe nililia.

Kuhusu kutengeneza sauti, hapana, naapa. Kazi yangu ni kusikia tu. Siigizi.

Nikuchekeshe kidogo. Kuna mahali bibi anasema, "Miye nipo Gerezani, Rasha, sijatoka wiki ya pili hii." Programu ikasikia jela! Kwenye orodha ya mradi ikaandika kuwa mzungumzaji ni mfungwa wa kike, na wanafunzi wenzangu wawili wakaanza kujadili maisha ya wanawake magerezani. Nilipowaambia Gerezani ni mtaa, tena wa watu wanaolala wanapotaka, darasa zima likaangua kicheko. Nimesharekebisha.

Nina mtihani Jumatatu. Niombee dua.

Talha


Kariakoo
25 Januari 2024

Talha bin Suud,

Marahaba. Dua nimekuombea, mtihani natumai ulikwenda vizuri. Umeme unakatika kila siku, friji la maji dukani nimelifanya kabati. Salamu zimekwisha.

Kumbe darasa zima. Nilikuuliza mwezi Desemba nani mwingine amemsikia, ukaruka. Sasa umenijibu kwa bahati mbaya, katikati ya kichekesho. Mama yangu hajafungwa hata siku moja. Hakutoka wiki mbili kwa sababu alikuwa na mimba iliyoharibika, na hilo alikuwa anamwambia mdogo wake kwa mzunguko, kama wanawake wanavyoambiana. Ndilo mlilolichekea. Nyinyi hamkujua, sawa. Ndiyo maana mtu husikiliza akiwa na mwenyewe kando.

Ila sikukuandikia kwa hilo.

Jumapili niliwasha faili lako, nikaweka simu juu ya mto karibu na sikio la baba yako. Mama akasema, "Umeamkaje, Rasha?" Baba yako akavuta pumzi, akafungua mdomo. Unajua inavyomchukua muda, neno linapanda taratibu kama mtu na ngazi. Kabla halijafika, mama akasema, "Alhamdulillahi, na miguu yako? Pole, umekula? Basi vizuri." Mfululizo. Kama mpiga debe. Baba yako mdomo ukabaki wazi. Akaniangalia mimi, kama mimi ndiye niliyemkata.

Mama yangu hakuwahi kumuuliza mtu kama amekula akaondoka kabla hajajibiwa.

Nikapiga hesabu. Ile ni kaseti ya dakika sitini, na mama aliijaza pande zote mbili mpaka mkanda ukamkatia kwaheri. Faili lako ni dakika arobaini na moja. Mimi kitambaa kikipungua nusu mita naona kwa macho. Dakika kumi na tisa ziko wapi? Alisema nini humo hutaki nisikie? Nani alikuagiza uzitoe? Na kwa nini kila nikikuuliza kaseti unanitumia kitu kingine badala yake?

Nataka kaseti. Ile yenye plastiki, yenye jina la Rasha kwa kalamu nyekundu.

Zeina


Ujerumani
2 Machi 2024

Shikamoo shangazi yangu,

Nimeisoma barua yako, nikaifunga, nikaifungua tena. Nakuombea heri kwa mwezi mtukufu unaokuja. Niombee radhi kwa baba. Na lile la bibi, wallahi sikujua. Nimeyaondoa maelezo yote kwenye orodha ya mradi, na faili nimelifunga, halifunguliwi na mtu tena.

Zile dakika kumi na tisa hazina siri, shangazi. Ni kimya. Kompyuta inafundishwa maneno. Pasipo na neno kwake ni takataka, kama zile nyuzi zinazoning'inia ukingoni mwa kitambaa, ambazo wewe mwenyewe unazikata kabla hujamfungia mteja. Niliipa kanuni moja: pasipo na neno, kata; sauti ya mbali, ihesabu kelele, kata. Ikafanya usiku kucha, mimi nimelala. Sikufikiri. Nilikuwa namsikiliza bibi alivyosema, sikujali alivyosubiri. Hilo ni kosa langu na profesa hakuniagiza.

Lakini kuuza, shangazi? Darasa la kwanza mpaka la saba nimefanya kazi za shule nikiwa juu ya majora yako. Nililala humo, nikakojoa humo. Unanijua kuliko hivyo.

Nimekaa wiki tatu nikirudisha kimya chote mahali pake. Faili jipya hili hapa, dakika sitini kamili. Msikilizishe baba. Kumbukumbu ya bibi iko salama, na hilo ndilo la muhimu.

Siku hizi sipigi simu kwa sababu ya tasnifu. Nikimaliza nitapiga.

Mwanao,
Talha


Kariakoo
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Talha, mwanangu,

Marahaba. Ramadhani inatuaga. Baba yako daktari kamkataza kufunga, naye anakasirika, kwa hiyo mchana tunamlisha kwa kificho ili asijione anakula. Bakili kamletea tende, akakaa naye kibarazani akimwambia habari za mpira, na baba yako akasema "Ongo" kwa sauti. Alimaanisha uongo. Bakili akafurahi, akasema, "Mzee Suud umenitukana vizuri, Mungu akuzidishie." Mvua kubwa. Jangwani maji tena. Maduka yamejaa watu wa Idi, nasimama toka asubuhi.

Lile la kuuza naliondoa. Umelala juu ya majora yangu, kweli. Nilikosea kukuuliza hivyo, na sikuulizi tena.

Sasa nikueleze nilichokisikia.

Nilimwekea baba yako faili la dakika sitini. Mama akauliza, "Umeamkaje, Rasha?" Kikaja kimya. Baba yako akapanda ngazi yake mpaka juu, akasema, "Nimeamka salama, mama." Neno zima. Nikashika mdomo nisipige kigelegele. Ndani ya kimya mama akakohoa kidogo. Halafu akauliza miguu. Kimya, baba yako akajibu, mama akakohoa. Akauliza kula. Kimya. Akakohoa. Kikohozi kile kile, Talha. Kirefu vile vile, kimeanzia pale pale, kimeishia pale pale. Mara ya nne baba yako hakujibu. Aligeuza shingo akatazama mlangoni muda mrefu.

"Katoka," akasema.

Nikazima.

Wewe unadhani kimya ni kimoja. Kimya cha Gerezani kina watu. Baada ya miguu, fundi bati wa nyumba ya pili anagonga karai. Baada ya kula, mama anaweka kikombe juu ya kisahani. Na baada ya kuuliza watoto wa Rasha, kwa mbali uani, mvulana anapiga kelele, "Mama! Maji yamekuja!" Huyo mvulana ni baba yako. Ndiyo hiyo "sauti ya mbali" uliyoihesabu kelele. Hakuna mahali pengine duniani anaposikika akisema neno kwa mkupuo mmoja, akikimbia huku anasema. Kila Idi nilikuwa namtazama usoni ikifika hapo.

Katika faili lako maji hayaji.

Mimi si msomi lakini jambo hili halihitaji shahada. Ungekuwa na kaseti, ungeiweka kwenye mashine ukaicheza upya, saa moja, kazi imekwisha. Usingekaa wiki tatu unachukua kikohozi kimoja kilichosalia unakigawa kila mahali. Mwenye jora hashoni viraka.

Nimezisoma barua zako zote tena kwa mpangilio. Desemba uliandika, "Kaseti iko salama." Januari ukaandika, "Sauti iko salama." Machi ukaandika, "Kumbukumbu ya bibi iko salama." Kila barua kinachosalimika kinapungua. Ukiniandikia Juni utaniambia nia ilikuwa salama.

Labda mashine iliutafuna mkanda. Labda ilipotea kwenye treni. Labda iko kwenye kabati la chuo kwa saini yako, na unaona aibu kuiomba. Sijui, na kutojua ndiko kunakonila. Mtu akifa tunajua la kufanya: tunazika, tunasoma hitma, tunakaa matanga. Kaseti uliyoiweka "salama" siwezi kuizika wala kuisubiri.

Kama ipo, hata imekatika vipande, mpe mtu yeyote anayekuja, au niambie nimtume nani aifuate. Wako mafundi Gerezani wanaounganisha mkanda kwa wembe na gundi. Kama haipo, niambie haipo. Nitalia siku hiyo, nitakupigia kelele siku hiyo, na utabaki kuwa mwanangu siku ya pili yake. Ila sitaki faili lingine, wala samahani nyingine, wala habari za tasnifu.

Baba yako ameshanionyesha redio kwa kidole. Idi ikiwa Jumatano, nataka nijue mapema ninamwambia nini: kwamba mama anakuja, au kwamba mama kweli katoka. Siwezi kumdanganya, maana unaona mwenyewe anajua.

Nakupa mpaka Jumanne, tarehe 9, kabla ya adhana ya magharibi. Magharibi ya Dar es Salaam, si ya huko kwenu. Neno moja linatosha.

Nauliza, kisha nanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza bibi yako, na nafasi hii usiikate: kaseti ipo, au haipo?

Shangazi yako,
Zeina